Shingo inayouma: mwongozo kamili wa tiba, kuanzia taulo la moto hadi chumba cha upasuaji

Mtu akiamka shingo imekaza, mjini Mbeya ana njia tatu za haraka: sindano ya diklofenaki, kinyozi wa kumvunja shingo, au dawa ya kuchua. Zote tatu zinaruka swali ambalo ndilo linaloamua tiba: kinachouma ni msuli na viungo, ni mshipa wa fahamu uliobanwa, au ni uti wa mgongo wenyewe? La kwanza linatibika nyumbani. La pili linataka subira na mtaalamu. La tatu halisubiri. Wengi wanaoharibikiwa ni wale waliotibu la tatu kama la kwanza kwa mwaka mzima, au waliopelekwa kwenye vipimo vya gharama kwa jambo ambalo lingeisha kwa wiki tatu.

Jua kwanza uko kundi gani

Shingo ina pingili 7, na kati yake kuna diski zinazofanya kazi ya mpira wa kupunguza mshtuko. Katikati hupita uti wa mgongo, na pembeni hutoka jozi 8 za mishipa ya fahamu kwenda mabegani na mikononi. (Neno "mshipa" kwetu hubeba mzigo mkubwa: mshipa wa damu, wa fahamu, hata msuli. Ukifika kwa daktari usiseme tu "mshipa unauma". Onyesha kwa kidole pale maumivu yanapoanzia na pale yanapoishia.)

Kundi la kwanza, misuli na viungo. Maumivu yako shingoni, kisogoni au kati ya mabega. Yanazidi ukigeuka upande fulani na kupungua ukitulia. Mikono ina nguvu, hakuna ganzi. Hili ndilo la watu wengi: aliyelala vibaya kwenye basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kichwa kikidondoka begani, mchuma chai wa Mufindi au Rungwe aliyeinama tangu asubuhi, mama aliyejitwisha ndoo mara sita.

Kundi la pili, mshipa wa fahamu. Maumivu yanashuka mkononi kama umeme au moto, mara nyingi makali kuliko ya shingo yenyewe. Vidole husema ni mshipa upi. Ganzi ya kidole gumba na cha shahada huelekeza kwenye mshipa wa 6. Kidole cha kati ni wa 7, na huyo hushindwa kunyoosha kiwiko kwa nguvu, mfano kusukuma toroli. Kidole kidogo ni wa 8, na mkono hupoteza nguvu ya kushika. Kuna alama moja rahisi: ukiweka kiganja juu ya utosi na maumivu ya mkono yakapungua, kuna uwezekano mkubwa mshipa unabanwa shingoni.

Kundi la tatu, uti wa mgongo kubanwa. Hapa ndipo watu hukosea, kwa sababu shingo inaweza isiume sana. Kinachoonekana ni mikono kuwa mizito: vifungo vya shati havifungiki, sarafu zinadondoka, mwandiko umebadilika. Miguu inakuwa migumu, mtu anayumba akitembea gizani au kwenye mteremko. Akiinamisha kichwa, shoti inamshuka mgongoni.

Jipime hivi. Nyoosha mikono mbele, kunja ngumi na kufungua vidole vyote kabisa, haraka kadiri uwezavyo, mtu mwingine akihesabu kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufika 20 au zaidi. Ukishindwa kufika, au vidole vinafunguka nusunusu, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Andika namba hiyo kwenye daftari pamoja na tarehe, maana utairudia kila wiki.

Usikae nyumbani ukiwa na haya

- Shingo imekakamaa, una homa, kichwa kinauma sana na mwanga unakuumiza. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Ni leo, si kesho.
- Maumivu yanayokuamsha usiku, kupungua uzito, jasho la usiku au homa ndogondogo kwa wiki. Kifua kikuu hushambulia pia pingili, hata kwa mtu asiyekohoa. Dawa zake hutolewa bure.
- Mkono au mguu unaopoteza nguvu, mkojo au choo kushindikana au kutoka chenyewe, ganzi sehemu za siri.
- Maumivu ya ghafla ya upande mmoja wa shingo, ya aina usiyowahi kupata, pamoja na kizunguzungu, kuona viwili viwili au ulimi kuwa mzito.
- Maumivu ya shingo, taya au mkono wa kushoto yanayokuja na kifua kubana na jasho baridi. Huo ni moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo.
- Umewahi kuwa na saratani, unaishi na VVU, au umetumia prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe, ya jamii ya steroidi) kwa muda mrefu.

Na ajali. Aliyeanguka kwenye bodaboda au kwenye mti wa parachichi na shingo ikauma hainuliwi kwapani wala kupakiwa mishikaki kwenye pikipiki. Mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa viganja viwili kikiwa vilevile kilivyo, asikivute wala kukinyoosha kwa nguvu. Kunja khanga mbili kama magogo, weka moja kila upande wa kichwa. Akitaka kutapika, watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, aliyeshika kichwa akihesabu "moja, mbili, tatu". Abebwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kwenye gari ambalo analala chali.

Wiki mbili za kwanza kwa kundi la kwanza

Usilale kitandani siku nzima. Shingo isiyotembea hukaza zaidi. Punguza kinachoumiza, endelea na mengine.

Joto husaidia, na kwa baridi ya Juni na Julai ya Njombe au Makete ni faraja hasa. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, lipime kwanza kwa ndani ya mkono wako, kisha lizungushe shingoni dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Kama umejitegua saa chache zilizopita, anza na baridi kwa siku mbili. Usipake dawa ya kuchua halafu ukaweka taulo la moto juu yake: ngozi inaungua, na malengelenge yake hukaa kuliko maumivu. Mwenye kisukari na ganzi ya ngozi awe mwangalifu zaidi.

Dawa. Parasetamoli ya mg 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Isipotosha, ibuprofeni mg 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, siku 5 hadi 7. Kwenye duka la dawa mara nyingi utapewa kidonge cha mchanganyiko chenye diklofenaki mg 50 na parasetamoli mg 500. Si kibaya, lakini ukimeza hicho, parasetamoli ya pembeni lazima uihesabu pamoja, na ibuprofeni uiache kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu. Kuzichanganya hakuongezi nafuu, kunaongeza vidonda vya tumbo. Mwenye vidonda, figo, presha, ugonjwa wa moyo, pumu, au mjamzito asizitumie bila ushauri. Sindano ya diklofenaki haina uponyaji wa ziada kuliko kidonge kwa mtu anayeweza kumeza.

Kuna dawa nyingine ya kuogopa: kifuko kisicho na jina cha "vidonge vya mgongo" vinavyokuamsha kama kijana kwa siku mbili. Mara nyingi ndani yake kuna deksamethasoni au prednisoloni. Huficha maambukizi, hupandisha sukari na presha, na hudhoofisha mifupa. Uliza jina la dawa. Muuzaji akishindwa kulitaja, acha.

Mto. Ukilala ubavu, urefu wa mto uwe sawa na umbali wa sikio hadi ncha ya bega, ili pua na katikati ya kifua vikae mstari mmoja. Ukilala chali unataka mwembamba zaidi. Mito ya sufi hukusanya madonge, upande mmoja mlima, mwingine bonde. Ufumue na kuupanga upya, au viringisha khanga uiingize kwenye foronya upande wa shingo. Usilale kifudifudi, maana shingo inakaa imegeuzwa upande mmoja usiku kucha.

Mzigo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, bila kuhesabu ndoo. Ziwe safari mbili za lita 10, au toroli. Ngata hulinda ngozi ya kichwa. Pingili zinapokea uzito uleule. Hatari kubwa huwa kwenye kujitwisha na kujitua, kichwa kinapopinda mzigo ukiwa juu, kwa hiyo tafuta wa kukutwisha. Lumbesa la viazi begani lisikaribiwe mpaka shingo igeuke pande zote bila maumivu.

Mazoezi, siku ya tatu na kuendelea

Fanya mara mbili kwa siku. Kuvutika kidogo kunaruhusiwa. Maumivu yakishuka mkononi, acha zoezi hilo.

1. Kurudisha kidevu. Kaa wima mgongo ukigusa ukuta. Bila kuinama wala kutazama juu, rudisha kichwa nyuma kana kwamba unakimbiza uso usiguswe, hadi kidevu kijikunje. Shikilia sekunde 5, achia. Mara 10. Wengi huinamisha kichwa badala ya kukirudisha. Weka kidole mbele ya kidevu, kinapaswa kwenda nyuma, si chini.
2. Kuitikia ukiwa chali. Lala bila mto au na khanga nyembamba. Itikia "ndiyo" kwa mwendo mdogo sana, shikilia sekunde 10, mara 10. Misuli minene ya mbele ya shingo ikisimama kama kamba, unatumia nguvu nyingi mno.
3. Kusukuma bila kusogea. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa kichwa kwa nguvu kama robo ya uwezo wako, kiganja kisikubali. Sekunde 5 hadi 10. Rudia kisogoni na kila upande, mara 5.
4. Mabega. Kutanisha mifupa ya mabega nyuma kama unabana kalamu, sekunde 5, mara 15. Hili hupuuzwa, ingawa shingo nyingi huchoka kwa sababu mabega hayafanyi kazi yake.
5. Kuvuta pembeni. Kalia kiganja cha kulia, laza kichwa kushoto, pua ikielekea kwapa la kushoto. Sekunde 30, mara 3, kisha badili.

Simu nayo: inua simu ifike usawa wa macho, egemeza kiwiko kwenye meza au kwenye begi. Dereva wa lori la Tunduma asogeze kiti ili mabega yaguse egemeo, na ashuke anyooke kila baada ya saa mbili.

Kuhusu kuvunja shingo

Kinyozi anamaliza kunyoa, anakanda mabega vizuri kabisa, halafu anashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine na kuzungusha ghafla mpaka isikike "ko". Kukanda hakuna tatizo. Huo mzunguko wa ghafla ndio unaoweza kuchana mshipa wa damu unaopita ndani ya pingili kwenda kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi kwa mtu aliyekwenda kunyoa. Halitokei mara nyingi, lakini likitokea halirudishwi. Na mwenye uti uliobanwa au kifua kikuu cha pingili, ambaye hajui kama anacho, anaweza kutoka kwenye kile kiti hawezi kutembea. Mwambie mapema: "Kanda tu, usinivunje."

Ikipita wiki nne hadi sita

Maumivu mengi ya kundi la kwanza huwa yamepungua sana kwa muda huu. Yasipopungua, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa na daftari lako. Daktari anatakiwa apime nguvu za mikono na miguu, hisia za vidole, na kugonga magoti na viwiko kwa nyundo ya mpira. Kama hakukugusa na tayari ameandika kipimo, omba apime kwanza.

Eksirei inaonyesha mifupa. Diski, mishipa ya fahamu na uti huonekana vizuri kwa MRI (mashine ya kupiga picha kwa sumaku), na MRI haipo kila hospitali, kwa hiyo ulizia kwa simu kama mashine inafanya kazi kabla ya kupanda basi. Majibu yakisema "pingili zimesagika" au "mifupa imeota", usikate tamaa. Mabadiliko hayo huonekana kwa watu wengi wenye zaidi ya miaka 60 ambao shingo haiwaumi kabisa, na kwa wengi wa miaka 40 pia. Picha inatibiwa pale tu inapolingana na dalili. Picha ya diski iliyotoka kulia kwa mtu anayeumwa mkono wa kushoto haijaeleza kitu.

Fiziotherapia hapa ndiyo tiba yenyewe. Panga vipindi kimoja au viwili kwa wiki kwa wiki 6. Mtaalamu hulainisha viungo kwa mikono na kukuongezea mazoezi. Kukandwa peke yake bila mazoezi nafuu yake haidumu. Nauli ya kutoka kijijini ikiwa tatizo, mweleze wazi siku ya kwanza, akufundishe mazoezi ya wiki mbili na kukuandikia.

Kwa kundi la pili habari njema ni kwamba wengi hupona bila kisu ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa sababu diski iliyotoka hunywea na uvimbe hupungua. Dawa za maumivu ya mshipa ni tofauti: amitriptilini mg 10 hadi 25 usiku, au gabapentini inayoongezwa polepole. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na hulevya usingizi, kwa hiyo dereva wa bodaboda aanze siku asiyoendesha. Zinatolewa kwa cheti cha daktari. Sindano za vitamini B hazifungui mshipa uliobanwa. Zinamfaa aliyepungukiwa na vitamini hiyo.

Kola laini (mkanda wa kushikilia shingo) inaweza kuvaliwa siku chache, isizidi wiki moja au mbili. Ukiizoea, misuli inalegea na ukiivua shingo inauma zaidi. Kuvutwa shingo kwa mashine kufanywe na mtaalamu tu. Usijivute shingo mwenyewe kwa kamba ya mlangoni.

Kuna pia sindano ya steroidi inayowekwa karibu na mshipa kwa kuongozwa na picha. Hutuliza kwa wiki au miezi, haiondoi chanzo, na shingoni ina hatari kubwa kuliko kiunoni. Si sindano ya kuchomwa dukani.

Upasuaji: kwa nani?

Watu watatu. Mwenye uti uliobanwa na dalili zinazoendelea. Mwenye mkono unaopoteza nguvu wiki hadi wiki. Na mwenye maumivu makali ya mkono yasiyosikia tiba sahihi ya wiki 6 hadi 12, ambaye MRI yake inaonyesha kitu kilekile dalili zinachosema. Maumivu ya shingo peke yake, bila mkono wala mguu, kwa kawaida hayapasuliwi, kwa sababu upasuaji huo mara nyingi hauyaondoi.

Njia ya rufaa hupanda: hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda, ambayo kwa Nyanda za Juu Kusini ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa uti wa mgongo. Karatasi ya rufaa iandikwe nguvu ya kila mkono na tarehe dalili zilipoanza. Hiyo husaidia upewe nafasi mapema.

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa mbele. Daktari hukata sentimita 3 hadi 5 kwenye mkunjo wa shingo, husogeza koromeo na njia ya chakula pembeni, huondoa diski yote inayobana, na mahali pake huweka kipande cha mfupa au kizibo maalumu, mara nyingi na bamba na skrubu. Pingili mbili huungana kuwa moja kwa miezi 3 hadi 12. Wagonjwa hushangaa kwamba ugonjwa uko nyuma na jeraha liko mbele, lakini diski inafikika kwa mbele bila kugusa uti. Ubano ukiwa sehemu nyingi, hupasuliwa kwa nyuma ili kupanua njia ya uti. Diski bandia inayoacha shingo iendelee kupinda nayo ipo, kwa wagonjwa wachache wanaofaa.

Matarajio yawe sahihi. Maumivu ya mkono hupungua mapema kwa wengi, hata siku ya kwanza. Ganzi huchelewa miezi. Kwa uti uliobanwa, lengo kuu ni kuzuia isiendelee. Kilichokufa huenda kisirudi, ndiyo maana kuchelewa kunagharimu. Hatari zake ni sauti kukwaruza na kumeza kwa shida kwa siku au wiki, maambukizi, kuumia kwa mshipa au uti, na mfupa kutoungana. Uvutaji sigara huzuia mfupa kuunga: acha angalau mwezi mmoja kabla. Mwenye kisukari ashushe sukari kwanza.

Kabla ya kusaini, uliza haya: mnaunganisha pingili zipi? Mnafanya upasuaji huu mara ngapi? Nisipofanya, nini kitatokea? Na uliza dirisha la bima kama inalipa vipandikizi au inalipa upasuaji tu. Skrubu na bamba ndiyo bili inayowashtua ndugu. Muulize daktari pia kama mnatakiwa kupeleka wachangia damu.

Baada ya kisu

Wengi hukaa wodini siku 1 hadi 4 na husimamishwa mapema. Siku mbili za kwanza, shingo ikivimba haraka na pumzi ikawa nzito, ni dharura: anayemuuguza amwite muuguzi saa hiyohiyo, asisubiri raundi. Anza na uji na vyakula laini. Jeraha likitoa usaha, au maji meupe yasiyokauka, au homa ikipanda, rudi.

Wiki 6 za kwanza usinyanyue zaidi ya kilo 2 au 3, yaani sufuria ndogo na si ndoo. Usipande bodaboda. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni bila kumuuliza daktari wako, kwa kuwa zinaweza kuchelewesha mfupa kuunga. Tembea, ukianza na dakika 10 mara tatu kwa siku, sehemu tambarare. Kwa vilima vya Tukuyu hiyo inaweza kuwa ni uani tu. Safari ya kurudi ukitoka Dar es Salaam igawe, ulale Morogoro au Iringa, kola ikiwa imevaliwa kama ulivyoagizwa, na ukae kiti cha mbele kisichorushwa.

Kubeba kichwani ni suala la kumuuliza daktari baada ya picha kuonyesha mfupa umeunga, na jibu la wengi huwa ni kuacha moja kwa moja, kwa sababu pingili za juu na chini ya zilizoungana sasa zinafanya kazi ya ziada. Familia ilijue hilo mapema, ili toroli linunuliwe kabla mgonjwa hajarudi.

Lile zoezi la ngumi lirudie kila Jumapili kwa mwaka mzima, kwenye daftari lilelile. Ikiwa ilikuwa 12 kabla ya kisu, ikafika 18, halafu ikaanza kushuka kwa wiki mbili mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki.